Safari Moja, Masimulizi Mawili: Kuwasili Ugenini kwa Meli katika Maandishi ya Mary Antin na Salme binti Said

Utangulizi

Katika mapokeo ya Waswahili, chombo kitokacho ng'ambo si jambo la ajabu. Jahazi huja na pepo za kaskazi na huondoka na pepo za kusi, na mtu ateremkaye pwani hungojewa na methali nyingi. Mojawapo humkaribisha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine humwekea mpaka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu humtazama kwa mbali: mgeni ni kuku mweupe. Methali hizo tatu zinatofautiana kwa nia, lakini zinafanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba zote zimetungwa na mwenyeji. Msemaji ni yule aliyesimama nchi kavu. Yule aliye bado ndani ya chombo hana sauti.

Makala haya yanamchunguza huyo asiyesikika. Mgeni anapopewa nafasi ya kusimulia mwenyewe siku aliyofika, husimulia nini? Jibu la kawaida ni kwamba husimulia yale anayoyakumbuka, na kwamba kazi ya mhakiki au mwanahistoria ni kupima kama kumbukumbu hiyo ni aminifu. Hoja itakayotetewa hapa ni nyingine. Masimulizi ya kuwasili hutawaliwa zaidi na yule anayesimuliwa kuliko na nguvu ya kumbukumbu ya msimulizi. Anayewaandikia aliowaacha nyuma husimulia safari moja, na anayewaandikia waliompokea husimulia nyingine, hata kama meli ni ile ile na abiria ni yule yule.

Hoja hiyo ni vigumu kuithibitisha kwa matini moja pekee. Inahitaji mtu aliyesimulia kuwasili kwake mara mbili, kwa wasikilizaji wawili tofauti. Mifano miwili ya namna hiyo imechaguliwa. Wa kwanza ni Mary Antin, aliyefika Marekani mwaka 1894. Wa pili ni Salme binti Said, mwana wa Unguja, aliyefika Ujerumani mwaka 1867 na kujulikana huko kwa jina la Emily Ruete.

1. Barua ya mtoto na kitabu cha mtu mzima

Mary Antin alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Polotsk, uliokuwa wakati huo ndani ya dola ya Urusi na ambao leo umo katika nchi ya Belarusi. Jamaa zake walikuwa Wayahudi, na Wayahudi wa dola hiyo walibanwa na sheria kuishi katika majimbo maalumu ya magharibi. Baba yake alitangulia kwenda Marekani mwaka 1891. Miaka mitatu baadaye mama alimfuata pamoja na watoto wanne. Walipanda treni, wakazuiwa mpakani mwa Ujerumani, wakaruhusiwa baada ya taabu, wakavuka hadi bandari ya Hamburg, wakawekwa karantini, kisha wakaabiri meli iliyoitwa Polynesia. Walifika Boston tarehe 8 Mei 1894. Mary alikuwa hajatimiza miaka 13.

Baada ya kufika, msichana huyo alimwandikia mjomba wake aliyebaki Polotsk barua ndefu kwa lugha ya Kiyidi, akimweleza safari nzima. Baadaye aliitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1899 ilichapishwa Boston kama kitabu kidogo, From Plotzk to Boston, chenye dibaji ya mwandishi Israel Zangwill. Hata jina la kitabu lina funzo lake. Plotzk ni mji mwingine kabisa, ulioko Poland. Mji wa mwandishi ni Polotsk. Kwa kosa hilo, mahali alipotoka mgeni palibadilishwa na mahali ambapo hakuwahi kuishi, tena kwenye jalada la kitabu chake mwenyewe.

Mwaka 1912, Antin akiwa mwanamke mwenye miaka zaidi ya 30, alitoa tawasifu yake kubwa, The Promised Land, yaani Nchi ya Ahadi. Kitabu hicho kilipata wasomaji wengi sana na kimesomwa kwa muda mrefu kama ushahidi bora wa maisha ya mhamiaji. Humo safari ya 1894 inasimuliwa kwa mara ya pili.

Zipo sehemu ambazo masimulizi hayo mawili yanakaribiana. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya kituo cha usafishaji karibu na Berlin. Mwaka 1892 ugonjwa wa kipindupindu uliua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, na wasafiri kutoka Urusi wakahesabiwa kuwa hatari. Kwa hiyo walishushwa katika vituo maalumu, wakatenganishwa na mizigo yao, wakavuliwa nguo, wakaogeshwa kwa dawa, nguo zikapitishwa katika mvuke, na wakati wote huo walikuwa wakihimizwa kwa makelele. Mtoto wa barua hafahamu linalotendeka. Anaona watu waliovaa nyeupe, anasikia amri, na anadhani kwamba huenda wameletwa mahali hapo ili waporwe na kuuawa.

Jambo la kuzingatiwa ni namna sehemu hiyo inavyoingia katika kitabu cha 1912. Mwandishi haisimulii upya. Anainukuu kutoka katika barua ya utotoni. Yaani, anapofika penye hofu kuu, mtu mzima ananyamaza na kumwachia mtoto kalamu. Kwa mbinu hiyo hofu inabaki, lakini inageuka kuwa mali ya mtoto asiyejua mambo. Msomaji wa Marekani anaweza kumhurumia bila ya kujisikia anashtakiwa, hasa kwa kuwa mahali penyewe ni Ujerumani.

Tofauti inakuwa kubwa zaidi meli inapofika gatini. Katika barua, kuwasili ni mateso ya aina yake. Meli imefunga, baba yuko pale ukingoni, anaonekana kwa macho, lakini haruhusiwi kupanda wala wao hawaruhusiwi kushuka. Kila abiria anaulizwa maswali mengi ambayo msichana anayaona ya kipuuzi, na majibu yanaandikwa na karani mwenye mkono mzito. Mizigo inakaguliwa, tikiti zinakaguliwa, na mwandishi mdogo anakasirika waziwazi. Kwake, taratibu zote hizo zimewekwa makusudi ili kuwachelewesha. Anamtaka mjomba ajiweke mahali pao: watu waliotengana kwa miaka mitatu, wanaonana, na bado hawawezi kushikana mikono.

Katika kitabu cha 1912 karani huyo hayumo. Maswali hayamo, ukaguzi haumo, hasira haimo. Safari ya baharini inafungwa kwa sentensi moja yenye utukufu, ambamo asubuhi njema ya mwezi Mei inachomoza, macho ya wasafiri yanaiona nchi ya ahadi, na baba anawapokea mikononi mwake. Saa zile za kungoja, zilizokuwa kilele cha barua, zimetoweka.

Mahali pake pamejazwa na mambo mengine, nayo yamesimuliwa kwa ucheshi mwingi. Tangu garini, baba anawafundisha adabu za mji: wasichungulie nje ya dirisha, wasinyoshe kidole. Anawaeleza ni nani anayeitwa mshamba katika nchi hiyo na kwa nini haifai kuonekana hivyo. Nyumbani wanapewa vyakula vya kopo vilivyokwisha kupikwa. Wanaletewa tunda geni la kuteleza liitwalo ndizi, wanashindwa jinsi ya kulila, wanaliacha. Wanakaribishwa katika kiti cha kubembea na kila mmoja anabuni njia yake ya kukikalia. Msomaji wa Kongo, ambaye ndizi kwake ni chakula cha kila siku, atacheka mara mbili. Lakini acheke huku akiona kazi ambayo ucheshi huo unaifanya. Katika barua, upungufu ulikuwa wa mwenyeji, yaani karani mzito na maswali yake. Katika kitabu, upungufu ni wa mgeni asiyejua ndizi. Kuku mweupe amejifunza kujicheka kabla hajachekwa.

2. Sababu za badiliko

Yaweza kudaiwa kwamba badiliko hilo ni la umri tu. Mtoto huona karani, mtu mzima huona historia. Dai hilo lina ukweli kiasi, lakini halitoshi. Antin alikuwa na barua yake mikononi mwake alipoandika kitabu, na alinukuu kutoka kwake. Hakusahau. Alichagua.

Ili uchaguzi huo ueleweke, lazima wakati wenyewe ukumbukwe. Mwezi ule ule wa Mei 1894 ambapo Polynesia ilitia nanga, katika mji ule ule wa Boston, wasomi kadhaa waliunda chama cha kudai kwamba milango ya Marekani ifungwe zaidi kwa wahamiaji, hasa wale wa mashariki na kusini mwa Ulaya. Mwaka 1911 tume ya bunge la Marekani ilitoa ripoti ndefu iliyowaona wahamiaji hao kuwa duni kuliko waliotangulia. Mwaka 1917 ikapitishwa sheria ya kuwapima wageni kwa kusoma. Mwaka 1921 na 1924 zikafuata sheria za kuweka idadi maalumu kwa kila taifa, na mlango ukafungwa karibu kabisa. Kitabu cha 1912 kilitokea katikati ya mabishano hayo, na mwandishi wake alikuwa upande mmojawapo. Mwaka 1914 alitoa kitabu kingine, They Who Knock at Our Gates, cha kuwatetea waziwazi wale wanaobisha hodi.

Kwa hiyo msimuliwa wa The Promised Land alikuwa hakimu. Alikuwa Mmarekani mwenye kura, ambaye siku yoyote angeweza kuamua kwamba watu kama Mary wasiingie tena. Mbele ya hakimu wa namna hiyo, kumtaja karani mzito kungekuwa kutoa silaha. Mtu angesema kwamba wageni hawa hawana shukrani. Ndipo masimulizi ya kuwasili yanapogeuka kuwa nauli ya pili. Ile ya kwanza ililipwa Hamburg kwa fedha, na hii inalipwa Boston kwa hadithi, tena inalipwa kwa niaba ya wale ambao bado hawajapanda meli.

Je, basi, kitabu hicho ni cha uongo? Hukumu hiyo ingekuwa nyepesi mno. Hakuna jambo moja ndani ya ile sentensi ya asubuhi ya Mei lisilo kweli. Siku ilikuwa ya Mei, nchi ilionekana, baba aliwapokea. Kosa la kitabu, kama ni kosa, liko katika kile kilichoondolewa. Aidha, ipo hasara ya kifasihi. Tukio la kungoja gatini ndilo lenye mvuto mkubwa kuliko yote katika barua, kwa sababu ndani yake furaha na uchungu vimefungwa fundo moja. Kitabu, pamoja na ufundi wake mkubwa zaidi wa lugha, hakina mahali panapolingana nalo.

Hata hivyo, barua nayo isigeuzwe kuwa kitu kitakatifu. Toleo la 1899 lilikuwa tafsiri, lilisindikizwa na dibaji ya mwandishi mashuhuri, na mapato yake yalikusudiwa kumsaidia msichana katika masomo. Nalo tayari lilikuwa limeanza kuwatazama wenyeji. Lakini umbo lake lilibaki la barua kwa mjomba, na umbo hilo ndilo lililomlinda karani asifutwe.

3. Binti wa Unguja na mwandikiwa asiyekuwepo

Mfano wa pili unaanzia pwani ya Waswahili. Salme alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Seyyid Said bin Sultan na suria wa Kicherkesi. Mwaka 1866, akiwa mja mzito kwa mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza Highflyer hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Mwaka 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, akasafiri na mumewe kwenda Ujerumani. Mfereji wa Suez ulikuwa bado haujafunguliwa, hivyo abiria wa njia hiyo walipita Bahari ya Shamu, wakavuka Misri kwa nchi kavu, kisha wakaingia bahari ya pili. Mtoto wake alifariki njiani. Mwaka 1870 mumewe naye alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya ugenini.

Mwaka 1886 alichapisha mjini Berlin Memoiren einer arabischen Prinzessin, kumbukumbu zake zilizoandikwa kwa Kijerumani, ambazo alikuwa amezianza kwa ajili ya watoto wake. Kitabu hicho ni hazina kwa mtu yeyote anayesoma historia ya Unguja: nyumba ya Mtoni, maisha ya wanawake, sikukuu, magonjwa, ugomvi wa ndugu baada ya kifo cha baba. Lakini anayekifungua ili ajue jinsi mwandishi alivyofika Ulaya ataambulia kidogo. Kutoroka, Aden, ubatizo, ndoa na safari ya kwenda Hamburg vimepitiwa upesi. Mtoto aliyezaliwa Aden hatajwi.

Hapa njia ya Salme inaachana na ya Antin. Antin alijaza nafasi ya kuwasili kwa sifa na vichekesho. Salme aliiacha tupu, akawaeleza wenyeji habari za nchi aliyotoka na kuwakosoa kwa kutoifahamu. Hata hivyo shinikizo ni moja. Mwanamke aliyeacha dini yake na jamaa zake, mjane mwenye haja ya kulea watoto kati ya Wajerumani, hakuwa na uhuru wa kuwaambia Wajerumani jinsi siku zake za kwanza kwao zilivyokuwa. Katika kurasa za mwisho anakiri kwamba aliondoka kwao akiwa Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na kwamba amekuwa Mkristo asiye imara na nusu Mjerumani au zaidi kidogo. Hilo ni ungamo zito. Lakini ni hesabu ya mwisho tu. Jinsi mtu alivyotoka hali ya kwanza akafika hali ya pili, siku baada ya siku, hakueleza.

Alieleza mahali pengine. Aliacha maandishi mengine ya Kijerumani, yajulikanayo kama Briefe nach der Heimat, yaani barua za kwenda nyumbani, ambayo hayakuchapishwa katika uhai wake. Alifariki mwaka 1924. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1993, pamoja na maandishi yake mengine yaliyohaririwa na E. van Donzel. Humo safari na kuwasili vimepewa nafasi ya kutosha: baridi, lugha asiyoijua, upweke mume anapokwenda kazini, dini iliyomtoka na ile ambayo haikumwingia. Yote yanaelekezwa kwa rafiki aliyeko Unguja, asiyetajwa jina.

Hapo ndipo penye fumbo. Rafiki wa Unguja angewezaje kusoma barua zilizoandikwa kwa Kijerumani? Kwa hakika asingeweza. Barua hizo hazikuwa za kutiwa posta. Rafiki huyo ni chombo cha usanii, mwandikiwa aliyebuniwa ili mwandishi apate mtu wa kumsemesha. Mfano wa Salme, basi, unaikaza hoja ya makala haya kuliko ule wa Antin. Mjomba wa Polotsk alikuwa mtu wa kweli, naye aliandikiwa habari hizo. Rafiki wa Unguja yumkini hakuwahi kusoma hata mstari mmoja. Hata hivyo kule kumwelekea tu kulitosha kuufungua moyo uliokuwa umefungwa katika kitabu cha 1886. Msimuliwa si lazima awepo ili afanye kazi yake.

4. Lango na jina

Mifano miwili iliyotangulia ni ya watu binafsi. Yafaa sasa kutazama kumbukumbu ya umma, ambapo wasimulizi ni wengi na wasimuliwa ni wajukuu. Kisiwa cha Ellis, mbele ya New York, kilifunguliwa kama kituo cha wahamiaji tarehe 1 Januari 1892 na kufungwa mwaka 1954. Zaidi ya watu milioni 12 walipitia hapo. Wengi wao walikuwa abiria wa daraja la chini, kwa sababu wale wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa melini na kwa kawaida waliruhusiwa kwenda zao. Tangu miaka ya 1970 masimulizi ya waliopitia kisiwani yalianza kurekodiwa kwa wingi, na mwaka 1990 jengo kuu likafunguliwa kama makumbusho.

Katika jamaa nyingi za Marekani husimuliwa kwamba jina la ukoo lilibadilishwa hapo kisiwani na afisa aliyeshindwa kulitamka. Georges Perec, katika Récits d'Ellis Island, kitabu alichokitoa pamoja na Robert Bober mwaka 1980, anakisimulia kisa maarufu cha mzee wa Kiyahudi. Mzee huyo alifundishwa jina jipya la Kimarekani, akalisahau mbele ya afisa, akasema kwa lugha yake kwamba amekwisha kusahau, na afisa akayaandika maneno hayo kana kwamba ndiyo jina. Perec mwenyewe anakitilia shaka kisa hicho kwa uzuri wake uliozidi.

Shaka hiyo ina msingi. Maafisa wa kisiwani hawakuwa na kazi ya kuandika majina upya. Walifuata orodha za abiria zilizoandaliwa na makampuni ya meli kwenye bandari za kuondokea, na walikuwa na wakalimani wa lugha nyingi. Majina yalibadilika baadaye, shuleni, kazini, kwa majirani, na mara nyingi kwa hiari ya wenyewe. Antin anatoa ushahidi mzuri katika The Promised Land. Anaeleza kwamba baada ya kufika, marafiki wenye uzoefu wa nchi waliwachagulia wote majina ya Kimarekani. Dada yake Fetchke akawa Frieda, na yeye Maryashe akapewa Mary, akasikitika kwamba jina lake jipya halikuwa geni vya kutosha.

Kwa nini basi wajukuu hulilaumu lango? Kwa sababu lango ni moja, na afisa ni mmoja, na kosa likishakuwa la mtu mmoja kwa dakika moja, hakuna wa nyumbani anayelazimika kulijibu. Msimuliwa wa hadithi hiyo ni mjukuu anayeuliza kwa nini haitwi kama babu wa babu yake. Ni rahisi kumwambia kwamba karani alikosea. Ni vigumu kumwambia kwamba sisi wenyewe tuliona heri kulificha. Katika nchi ya Kongo, waliokuwepo mwaka 1972, serikali ya Zaire ilipoamuru majina ya Kikristo yaachwe, wanajua vizuri jinsi amri ya serikali, hiari ya mtu na aibu ya jamaa zinavyoweza kuchanganyika katika jina moja, na jinsi masimulizi ya baadaye yanavyozitenganisha kwa namna inayomfaa msimulizi.

Ikumbukwe pia kwamba Perec hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kisiwa hicho. Wazazi wake, Wayahudi wa Poland, waliishia Paris. Baba alikufa vitani mwaka 1940, na mama alipelekwa Auschwitz mwaka 1943. Katika kumbi tupu za Ellis, Perec aliona kituo ambacho wazazi wake wangeweza kupitia na hawakupitia. Kwa hiyo kitabu chake kimejaa hesabu na orodha, mahali ambapo wengine wana visa. Ndiye msomaji anayefaa kuwekwa mbele ya sheria za 1921 na 1924, kwa kuwa anawakumbusha wote kwamba masimulizi ya kuwasili, hata yale yenye uchungu, ni masimulizi ya waliobahatika kufika.

5. Funzo kwa wakusanyaji

Mambo haya hayahusu Boston na Hamburg pekee. Miji ya Katanga ilijengwa na watu walioletwa au waliokuja kutoka mbali, na kazi ya kukusanya kumbukumbu zao imekwisha kuanza zamani. Mfano bora ni Vocabulaire de ville de Elisabethville, andiko la mwaka 1965 lililotungwa na André Yav kwa Kiswahili cha Katanga, likahaririwa na kutafsiriwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Andiko hilo lilitungwa kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Halikuandikiwa mabwana wa zamani, wala wasomi, wala serikali. Tahajia yake haikujali sarufi ya shuleni. Ndiyo maana mna mambo ambayo mzee yule yule, akiulizwa kwa Kifaransa na mgeni mwenye daftari, pengine angeyapitia kwa sentensi moja yenye adabu.

Ni wazi basi kwamba mkusanyaji naye ni msimuliwa. Lugha anayoitumia, cheo chake, mashine yake ya kurekodia na hata shukrani anayoitarajia vinaingia ndani ya hadithi anayopewa. Anayetaka kujua yale ambayo mgeni aliyaona kweli gatini hana budi kutafuta pia yale aliyowaandikia wa nyumbani: barua, salamu, kanda zilizotumwa kwa jamaa. Asipoyapata, azingatie mahali ambapo msimulizi anaharakisha. Sentensi ya Antin kuhusu asubuhi ya Mei na kurasa chache za Salme kuhusu Aden ni mahali pa namna hiyo.

Hitimisho

Waswahili husema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Antin wa 1912 alikuwa nahodha wa lugha ya Kiingereza, na Salme wa 1886 alikuwa ameimudu lugha ya watu waliompokea. Hakuna kati yao aliyesahau. Kila mmoja alijua ni nani anayesikiliza, akasema kinachosemeka. Kuwalaumu kungekuwa kusahau hali waliyokuwa nayo. Kuwasoma kana kwamba wamesema yote kungekuwa kosa kubwa zaidi, kwa kuwa hapo mwenyeji angebaki peke yake na methali zake, akiridhika kwamba mgeni naye amekubaliana nazo.

Njia iliyo salama ni kuyasoma masimulizi mawili pamoja, barua kando ya kitabu. Katika kimojawapo baba anawapokea watoto wake mara tu meli inapofika. Katika kingine amesimama ukingoni, anaonekana, naye karani bado anaandika.